Fundi Awajibu Wasomaji: Mpangilio Upi wa Injini Unalifaa Lori Lako?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu nguvu za injini za dizeli, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kati ya mpangilio huu na ule, upi ni bora? Nimechagua tano. Mbili nimezijibu kwa urefu kwa sababu zina hesabu ndani yake. Zilizobaki hazihitaji maneno mengi.

SWALI: Ninayo malori mawili aina ya Mitsubishi Fuso, yote yana injini ya 6D16 yenye turbo (feni inayozungushwa na gesi za moshi ili kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), na yote hupeleka mbao Dar es Salaam kutoka Mafinga na kurudi na saruji. Pampu ya lori la kwanza haijawahi kuguswa. Ya lori la pili ilifunguliwa na fundi aliyeongeza mafuta, na tangu hapo lori hilo hupanda Kitonga likiliacha lenzake nyuma. Hata hivyo, kwa safari ya kwenda na kurudi la kwanza hutumia lita 340 na la pili lita 395, na mshale wa joto wa hilo la pili huanza kupanda kila linapofika katikati ya mlima. Je, nalo la kwanza nilipeleke likaongezwe, au la pili nilirudishe lilivyokuwa? *(Mwenye malori, Mafinga)*

JIBU: Ndugu yangu, barua yako imenifurahisha kwa sababu umeandika lita. Wengi huniandikia kwamba gari "linavuta" au "halivuti", maneno ambayo kila dereva huyapima kwa mguu wake mwenyewe.

Nianze na kilichofanyika kwenye pampu. Injini ya dizeli huvuta hewa yote inayoweza kuipata, na nguvu yake huamuliwa na pampu, ambayo hupima mafuta ya kila mpigo. Fundi wako alikata waya wa sili, akalegeza nati ya kufungia, kisha akazungusha skrubu ya kiwango cha juu cha mafuta, pengine robo mzunguko, pengine nusu. Ni kazi ya muda mfupi sana. Tangu siku hiyo, dereva anapokanyaga hadi mwisho, kila silinda inapokea mafuta zaidi ya yale yaliyopangwa na kiwanda. Mafuta hayo yakikuta hewa ya kuyaunguza yanakuwa nguvu. Yasipoikuta yanatoka kama moshi mweusi, na gesi zinazopita kwenye turbo zinazidi kuwa za moto. Kwa hesabu ya kemia, kilo moja ya dizeli inahitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, lakini kwa kuwa ndani ya silinda mafuta na hewa havipati muda wa kuchanganyika sawasawa, injini iliyopangwa vizuri huachiwa hewa nyingi kuliko hiyo hata inapobeba mzigo kamili. Aliyeongeza mafuta bila kuongeza hewa amekula akiba hiyo, na ndiyo maana mshale wako unapanda katikati ya Kitonga. Kumbuka pia kwamba mshale huo unapima maji ya rejeta, nayo huchelewa kutoa habari. Pistoni zimetengenezwa kwa aloi ya alumini, na alumini safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 660. Gesi zinazotoka kwenye silinda zinaweza kufikia joto hilo na kulipita huku maji yakiwa bado hayajachemka. Pistoni huponea kwa sababu hewa mpya na oili huipoza, lakini ukiongeza mafuta unazidi kuipunguzia nafasi ya kupona.

Sasa tuyalinganishe malori yako kwa kipimo. Yapitishe yote mawili kwenye mizani yakiwa na mzigo uleule, tuseme uzito wote wa lori na saruji ni tani 16. Chagua kipande cha mlima ambacho, kwa simu yenye kipimo cha mwinuko, kinapanda mita 100 kutoka alama ya chini hadi ya juu. Dereva awe mmoja kwa malori yote mawili, aanze na mwendo uleule, asibadilishe gia njiani, na utingo ashike saa. Zidisha uzito kwa kilo mara 9.81 mara mwinuko kwa mita, kisha gawanya kwa sekunde zilizotumika. Lori likitumia sekunde 130, kazi ya kuinua mzigo peke yake imechukua takriban kilowati 121. Likitumia sekunde 120, ni takriban kilowati 131. Hesabu hii haihusishi msuguano wa matairi wala upepo, lakini kwa kuwa malori ni ya aina moja na barabara ni moja, tofauti inayobaki ni ya injini. Sekunde 10 hizo ni kilowati 10, yaani nguvu za farasi kama 13. Ukiziweka farasi 13 upande mmoja na lita 55 za kila safari upande wa pili, nadhani hutahitaji fundi wa kukuambia lipi lirudishwe.

Hata hivyo, usizibebeshe pampu lita zote 55. Wabadilishane madereva kwa safari moja, na uhakikishe hakuna breki inayobana tairi, kwa maana gurudumu linalochoma mkono baada ya safari linakula mafuta kila kilomita bila injini kuwa na kosa lolote.

Ushauri wangu ni kwamba pampu ya lori la pili ipelekwe kwenye benchi la kupimia, ipangwe upya kwa vipimo vya kiwanda, kila silinda ipate kiasi sawa na wenzake. Hilo la kwanza usiliguse pampu. Likaguliwe kwanza njia ya hewa, na hapa niseme jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu. Niliwahi kuitwa kuangalia Fuso ambalo mwenyewe alikwisha kuligharamia pampu mara mbili kwa sababu halikuwa na nguvu mlimani. Pampu nyingi za injini zenye turbo zina kikombe kidogo chenye utando wa mpira, kilichounganishwa kwa mrija na njia ya hewa baada ya turbo. Presha ya hewa ikipanda, utando husukumwa na pampu huruhusiwa kutoa mafuta zaidi. Mrija wa lori lile, ambao haukuzidi urefu wa kiganja, ulikuwa umechanika upande wa chini kwa joto, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo. Presha ilikuwa ikivujia hapo, pampu haikuambiwa kamwe kwamba hewa ipo, na mafundi wawili waliokuwa wametangulia walijibu kwa kuzungusha skrubu. Tulibadilisha mrija, tukapima tapeti, yaani nafasi inayoachwa juu ya valvu, injini ikiwa ya baridi hadi zikawa milimita 0.40 kama injini hiyo inavyotaka, tukarudisha skrubu mahali pake, na lori likapanda.

SWALI: Lori langu lina injini kubwa isiyo na turbo. Nikiwa Mombasa halitoi moshi hata kidogo, lakini nikifika Timboroa linatoa wingu jeusi na halina nguvu. Makanika mmoja anasema niongeze mafuta, mwingine anasema nipunguze. Nimwamini nani? *(Msomaji, Eldoret)*

JIBU: Mwamini yule wa kupunguza, ila usimlipe kabla hujasoma jibu hili. Timboroa iko juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu robo. Injini isiyo na turbo haina namna ya kuifidia robo hiyo. Pampu ya kimekanika, kama haina kifaa cha kuhisi mwinuko, haijui kwamba umetoka pwani. Inaendelea kupima mafuta yaleyale ya Mombasa, na yanayokosa hewa ndiyo hayo unayoyaona yakitoka nyuma. Kwa hiyo ukiongeza mafuta utakuwa umeongeza wingu.

Ikiwa lori linafanya kazi nyanda za juu peke yake, kati ya Eldoret, Kitale na Nakuru, kupunguza kiasi cha mafuta kwenye benchi kunafaa, na hutapoteza nguvu yoyote kwa kuwa mafuta yale hayakuwa yakiungua. Ikiwa linashuka hadi bandarini kila wiki, liache lilivyo, halafu umfundishe dereva asikanyage hadi mwisho anapokuwa juu: ateremshe gia mapema, aiache injini izunguke, na arudishe mguu hadi moshi ukatike. Mguu huo uliorudishwa ndio marekebisho yenyewe, na ukishuka kuelekea pwani unaweza kukanyaga tena. Wenye turbo wana nafuu hapa, kwa sababu hewa ikiwa nyepesi turbo huzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu, ingawa kasi hiyo ya ziada nayo huchosha beringi zake.

SWALI: Ninamiliki Scania 124 ya nguvu za farasi 420 inayovuta semi-trela kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka kwenda Zambia. Kijana mmoja mwenye kompyuta ndogo ameahidi kunipandishia hadi farasi 480 kwa nusu saa. Anasema injini ni ileile, kiwandani waliibana tu kwa programu. Je, ni kweli, na nitapata faida gani? *(Mmiliki, Mbeya)*

JIBU: Nusu ya maneno yake ni kweli. Injini yako ya lita 11.7 inaongozwa na kompyuta, na kila silinda ina injekta yake ambayo husukumwa na kamshafti huku valvu yake ya umeme ikifunguliwa na kufungwa kwa amri ya kompyuta hiyo. Kijana akibadilisha jedwali la programu, valvu itafungwa kwa muda mrefu zaidi, mafuta mengi zaidi yatasukumwa ndani, na farasi wataongezeka. Hilo linawezekana.

Nusu ya pili ndiyo inayonipa shaka. Scania wenyewe walipotaka injini hiyo ya lita 12 ifike farasi 470, mwaka 2001, hawakuishia kwenye programu. Walifunga turbini ya pili baada ya turbo, inayokamata nguvu iliyobaki kwenye gesi za moshi na kuirudisha kwenye flaiwili kupitia gia, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ikapanda kutoka niutoni-mita 2,000 hadi 2,200. Kama farasi 50 wangepatikana salama kwa nusu saa ya kompyuta, wasingejisumbua na turbini hiyo. Aidha, mafuta yanayoongezwa kwa kurefusha muda wa injekta huingia pistoni ikiwa imekwisha kuanza kushuka, kwa hiyo sehemu yake huungua ikichelewa na joto lake huishia kwenye turbo na valvu za kutolea moshi.

Lakini tuseme kazi imefanyika na farasi 480 wamepatikana kweli. Fanya hesabu ya mlima wenye mwinuko wa asilimia 6, gari na mzigo vikiwa tani 50, ambazo ziko ndani ya kikomo cha tani 56 cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Ukiondoa kinachopotea kwenye giaboksi, difu na matairi, farasi 420 wanaupandisha mzigo huo kwa karibu kilomita 30 kwa saa, na farasi 480 kwa karibu kilomita 34. Mlima wa kilomita 5 utaumaliza mapema kwa dakika moja na robo. Kwenye tambarare hupati chochote, kwa sababu mwendo wa lori lako unaishia 80 kwa sheria. Mwenye semi-trela anayepita Tunduma anajua foleni ya mpakani inavyozichukulia dakika za namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo tangazo la farasi halilitaji. Farasi 420 za injini yako hupatikana kwenye mizunguko karibu 1,900 kwa dakika, mahali ambapo dereva mwenye akili hapendi kukaa. Anakaa kati ya 1,100 na 1,300, ambako torki ni kubwa na mafuta hutumika vizuri. Ukizidisha torki kwa mizunguko na kugawanya kwa 9,549 unapata kilowati. Torki ya 2,000 kwenye mizunguko 1,200 ni kilowati 251, yaani farasi wapatao 340. Hao 340 ndio wanaokuvutia mzigo siku nzima. Kwa hiyo mwambie kijana akuonyeshe mchoro wa torki wa kabla na wa baada, kwa kila mizunguko kuanzia 1,000, na umtazame usoni. Mwenye kazi yake atautoa. Anayejua namba moja tu, 480, hajui alichobadilisha.

Ukiamua kuendelea licha ya haya, programu ya awali ihifadhiwe na nakala ubaki nayo wewe, na kinga ya moshi pamoja na kinga ya joto zisiguswe. Binafsi ningeanza kwingine. Injini nyingi za umri huo zilizoandikwa 420 mlangoni hazitoi tena 420. Tapeti zipimwe injini ikiwa ya baridi, milimita 0.45 kwa valvu za kuingiza hewa na 0.70 kwa za kutolea moshi. Injekta zipangwe siku hiyohiyo kwa kuwa kifuniko tayari kimefunguliwa. Intakula, ile rejeta inayopoza hewa itokayo kwenye turbo, ijazwe hewa na kupakwa maji ya sabuni ili mapovu yaonyeshe inapovuja. Mara nyingi farasi uliokuwa ukienda kuwanunua kwa kijana wamelala hapo.

SWALI: Madereva wenzangu huchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli wakisema injini inakuwa nyepesi. Je, inaongeza nguvu? *(Dereva, Morogoro)*

JIBU: Hapana, inapunguza. Lita ya mafuta ya taa ni nyepesi kuliko lita ya dizeli, na kwa kuwa pampu hupima ujazo na haipimi uzito, kila mpigo unaingiza nishati kidogo zaidi. Wanachokisikia ni mlio kubadilika. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli, mafuta ya taa hayana ulaini huo, na dizeli yenye salfa kidogo tunayoitumia Afrika Mashariki tangu mwaka 2015 hutegemea viungo vilivyoongezwa ili kulainisha. Ukiichanganya unavizimua.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni dereva wa lori lenye pampu ya kimekanika. Bosi alimwita fundi akaisogeza pampu ili lori liwe na nguvu kwenye mlima wa Sekenke. Kweli linapanda vizuri, lakini asubuhi injini inagonga kama nyundo juu ya chuma, na hata ikipata moto mlio hauishi wote. Bosi anasema ndiyo nguvu yenyewe. Mimi naogopa kwamba ikifa nitaambiwa nimeiua. *(Dereva, Singida)*

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na hofu yako ina msingi. Pampu iliyosogezwa mbele hunyunyiza mafuta mapema, wakati hewa ndani ya silinda bado haijabanwa vya kutosha kuwa ya moto. Mafuta hujikusanya kwa muda mfupi bila kuwaka, kisha huwaka yote kwa mara moja huku pistoni bado ikipanda. Nyundo unayoisikia ni mshindo huo. Kusogeza kidogo huongeza nguvu na hata kupunguza matumizi ya mafuta, ndiyo sababu lori linakudanganya Sekenke. Kuzidisha hubebesha gasketi, beringi na pistoni presha ambayo hazikutengenezewa. Fundi akirudisha nyuma kupita kiasi, utayaona ya upande wa pili: moshi mweupe asubuhi, uzito mlimani na bomba la moshi lililoiva.

Mwombe bosi amwite fundi yuleyule apime mbele yako. Silinda ya kwanza iwekwe kwenye mpigo wa kubana hewa, bomba lake lifunguliwe kwenye pampu, injini igeuzwe polepole kwa mkono, na mara tu mafuta kwenye mdomo ule yanapoanza kusogea, isomwe alama ya nyuzi (digrii za mzunguko) kwenye puli au flaiwili. Namba hiyo ilinganishwe na iliyoandikwa kwa injini hiyo. Tofauti ya nyuzi moja au mbili inavumilika. Ikizidi, pampu irudi.

Ikiwa namba ni sahihi na mlio bado upo, tafuta nozeli mbovu. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, fundi alegeze nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine, akiwa amefunika kwa kitambaa kinene na uso wake ukiwa mbali, kwa maana dizeli yenye presha hupenya ngozi. Ile ambayo mlio utakatika ikilegezwa ndiyo ya kupelekwa kwenye mashine ya kupimia. Njia hii ni ya pampu za zamani kama yako. Kwenye injini za reli ya pamoja (common rail) zinazoongozwa na kompyuta asithubutu, kwa kuwa presha ya humo inaweza kuua. Na kabla ya yote hayo, mwandikie bosi ujumbe kwenye simu ukimweleza mlio ulianza siku gani na nani aliisogeza pampu, kisha usiufute.